Fahamu: Kwa nini neno "wabara" bado linauma Pwani Kusini

Usiku wa Agosti 13, 1997, vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, Mombasa, wakaua polisi sita na kuondoka na bunduki. Fujo zikaenea hadi Kwale. Waliosakwa walikuwa "wabara", yaani watu waliotoka bara: Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Zaidi ya watu 100 waliuawa, maelfu wakahama. Wengi walilala kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, magodoro na masufuria pembeni.

Uchaguzi ulikuwa Desemba, na wabara walihesabiwa kuwa kura za upinzani. Lakini siasa ilileta kiberiti tu. Kuni zilikuwa ardhi. Kwa sheria ya 1908, ardhi ambayo haikudaiwa iligeuka mali ya Serikali ya Uingereza. Mdigo, mwenyeji wa Pwani Kusini, alikuwa na minazi ya babu yake, karatasi hana. Uhuru ulipokuja, viwanja vya ufuoni Diani vikawaendea wakubwa, mwenyeji akabaki skwota kwao.

Hasira hiyo ina haki. Ilikoelekezwa ndiko kosa. Mama muuza samaki aliyetoka Kisumu hakumgawia mtu kiwanja.

Na si kila mgeni alikuja kunufaika. Wamakonde kutoka Msumbiji walivuja jasho kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi miongo mingi bila kitambulisho. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kukidai. Leo ni kabila la 43 la Kenya.