Mtoto wa Mandera na Hadithi ya Darasa la Pili

Kuanzia mwaka 2009 watafiti wa Uwezo, mradi wa kupima usomaji wa watoto, walibisha hodi majumbani mwa Kenya, wakimpa mtoto wa miaka 6 hadi 16 hadithi fupi ya darasa la pili aisome kwa sauti. Na wilaya za Kaskazini Mashariki, Mandera ikiwamo, zikadhihirika kuwa nyuma sana.

Wala si uzito wa akili, kwani mtoto huyo huyo, ambaye lugha ya mamaye ni Kisomali, huketi duksini, yaani chuoni, na ubao wake wa mti akaihifadhi Kurani kwa moyo. Aliyekosekana, kwa rai yangu, ni mwalimu wa kudumu: baada ya shambulio la basi huko Mandera la Novemba 2014, lililoua watu 28, walimu wengi wakiwamo, na uhamisho wa walimu wasio wenyeji wa mwaka 2020, madarasa kadha yalisomeshwa na vijana waliomaliza kidato cha nne tu.