Tawakali ya Mgeni Atafutaye Makao

Mji wetu wa Kindu, ulio kandokando ya mto Lualaba, tangu reli ilipofika umekuwa mji wa watu waendao na wajao. Mwenye kushika njia ya kusini hupita Kongolo na Kabalo mpaka Kalemie, kisha huvuka ziwa Tanganyika akafika Kigoma. Mwenye nauli ya ndege huenda Goma au Kinshasa. Na kutoka huko wamo waelekeao Bujumbura, Dar es Salaam, Nairobi, na hata Bruxelles. Kila aondokaye huagwa kwa dua, na katika dua hiyo halikosi neno la kwamba amtegemee Mungu, naye Mungu atampa mahali pa kukaa. Neno hilo ni la kweli. Ila, kwa kuwa husemwa upesi na katika machozi ya kuagana, ni nadra kupatikana wa kumweleza msafiri namna ya kulitumia siku atakaposimama mbele ya mwenye nyumba asiyemjua, katika nchi asiyoijua, akiwa na fedha za kumtosha siku chache tu. Maelezo hayo ndiyo nikusudiayo kuyatoa hapa kwa kadiri ya elimu ya dini, nikiwaomba radhi wenye elimu kunizidi.

Katika sura ya Aal Imran, aya ya 159, Mwenyezi Mungu amempangia Mtume wake mambo matatu kwa taratibu: afanye mashauri na wenziwe, kisha aazimu, na akisha kuazimu ndipo amtegemee Mola wake. Wafasiri wametanabahisha kwamba aya hiyo iliteremka baada ya vita vya Uhud, katika mwaka wa tatu wa Hijra, wakati ambapo mashauri yalikuwa yamekwisha kufanywa, jeshi likatoka mjini kwa rai ya walio wengi, na matokeo yake yakawa machungu. Hata hivyo amri ya kushauriana haikuondolewa. Kwa hiyo mgeni aliyewauliza wenyeji, akaifuata rai yao, kisha nyumba ikamponyoka, asidhani kwamba tangu hapo kuuliza hakufai na kwamba lililobaki ni kuketi na kungoja; mashauri na azma ni wajibu wa mja, na matokeo yamo mikononi mwa Mungu tangu mwanzo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni ile Hijra yenyewe ya mwaka 622. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliahidiwa nusura na Mola wake. Walakini alitoka Makka kwa siri, akaelekea kusini kwenye pango la Thaur ilhali Madina iko kaskazini, akajificha humo siku tatu, na akamwajiri kwa ujira Abdullah bin Uraykit, mtu ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, awe kiongozi wake njiani kwa sababu alizijua njia. Alipowasili Madina kila ukoo ulitaka ashukie kwao, naye akawaambia wamwachie ngamia wake njia, kwani ngamia huyo ameamrishwa. Watu wengi wanaposimulia kisa hiki hukomea pale ngamia alipopiga magoti kiwanjani, wakaona kwamba makao hupatikana kwa namna hiyo, pasipo kuuliza wala kulipa. Lakini kisa kinaendelea, na funzo kwa mgeni limo katika sehemu hiyo ya pili. Mtume aliuliza kiwanja kile ni cha nani, akaambiwa ni cha mayatima wawili, Sahl na Suhail; wao wakataka kumpa bure, naye akakataa ila kwa thamani, na baadhi ya wapokezi wa sira hutaja dinari 10. Na wakati msikiti na vyumba vya ahali zake vilipokuwa vikijengwa, alikaa nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari muda wa miezi ipatayo saba, akiwa mgeni wa mtu, wala hakuona unyonge katika hilo. Basi ishara ya Mungu ilimwonyesha mahali, ila haikuondoa haki ya mwenye mahali.

Ndugu zetu Wakristo, ambao twaishi nao kitongoji kimoja, wana kisa kinachoshabihiana na hiki katika kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu, ambaye Mungu alimwahidi nchi nzima, alipofiwa na mkewe Sara hakuwa na hata shimo la kumzikia. Akawaendea Wahiti kwa staha, akajieleza kuwa ni mgeni, na Efroni alipotamka kumpa shamba bure, yeye alimpimia shekeli 400 za fedha mbele ya wazee waliokaa langoni pa mji. Mwenye ahadi kubwa kuliko wote ndiye aliyetaka bei ijulikane na mashahidi wawepo.

Sisi watu wa Maniema hatuhitaji kwenda mbali ili kuujua upande wa pili, wa wapatao makao kwa nguvu. Katika karne ya 19 waungwana wa pwani waliofika Nyangwe na Kasongo, na mkubwa wao akiwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, walipata makao mapana na mashamba mazuri. Bali mengi ya hayo yalisimama juu ya bunduki, pembe na watumwa, na vita vyao na Wabelgiji vya miaka ya 1892 mpaka 1894 vilipokwisha utawala wao ulikuwa umeanguka, ukapokewa na wengine waliotumia bunduki vilevile. Kinyume cha hao ni Wamanyema waliokwenda mashariki, wengine kwa kuchukuliwa na wengine kwa hiari, wakakaa Ujiji, Bujumbura na Dar es Salaam kwa kazi za mikono yao na kwa ujirani mwema, hata leo katika mtaa wa Kariakoo msikiti uko uitwao kwa jina la Manyema.

Tukija sasa katika mambo ya zama zetu, mashauri maana yake ni kuzijua ada na sheria za mahali uendapo. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa pamoja, na dalali naye ana haki yake. Hapa Kongo sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kwamba garanti, yaani amana apewayo mwenye nyumba, ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu, ingawa si kila mwenye nyumba wala kila komisionere, yaani dalali, aifuataye. Ubelgiji garanti ni ya miezi miwili au mitatu kwa kadiri ya jimbo, na sheria yataka iwekwe benki katika hesabu iliyofungwa, kwa jina la mpangaji mwenyewe. Na asiye na uwezo aweza kuiomba ofisi ya msaada ya komini, iitwayo CPAS, imsaidie. Tena mtu aliyekubaliwa ukimbizi nchini humo hupewa kwa kawaida miezi miwili ya kutoka katika kituo cha mapokezi na kujitafutia nyumba, na akisha kuipata hana budi kujiandikisha katika komini, ambapo askari wa mtaa huja kuhakikisha kwamba kweli anaishi hapo.

Katika miezi hiyo miwili ndipo hofu humwingia mtu, na wenye hadaa wanaijua hofu hiyo kuliko yeye mwenyewe. Humwonyesha picha za nyumba nzuri yenye kodi ndogo, humwambia kwamba watu wengine wanaigombea, humtaka atume fedha leo, kabla ya kuuona mlango wala kutia saini mkataba. Hapa tawakali, yaani kumtegemea Mungu, hufanya kazi ambayo wengi hawaitarajii: humpa mtu nguvu ya kukataa. Aliyeamini kwa dhati kwamba riziki yake haiko katika mkono wa huyu mmoja anayemhimiza, aweza kusema "hapana", akaenda zake, akaendelea kuuliza kwingine. Bali asiyekuwa na imani hiyo hushika chochote anyooshewacho, ingawa kwa ulimi anasema kwamba amemwachia Mungu. Haraka ya mtu huyu yaweza kufanana na imani kwa kuwa imefanywa kwa jina la Mungu, kumbe chimbuko lake ni hofu.

Kwa ajili ya wakati kama huo sharia imetupa sala ya istikhara, aliyoipokea sahaba Jabir bin Abdullah: rakaa mbili zisizo za faradhi, na baada yake dua ya kumwomba Mungu alisahilishe jambo kama lina kheri, na aliepushe kama lina shari. Hakuna katika hadithi hiyo sharti la kuota ndoto. Mwenye kuswali istikhara huendelea na uchunguzi wake, akaitazama nyumba, akausoma mkataba au akasomewa na mwenye kuijua lugha. Na mkataba ukionekana una hila, hilo lenyewe limekuwa jawabu. Na swali la kununua nyumba kwa mkopo wa riba lisiharakishwe. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliruhusu mwaka 1999 kwa masharti ya dhiki na haja, wanavyuoni wengine wakapinga, na aliyefika juzi hana dharura ya kuingia katika khitilafu hiyo madhali mlango wa kupanga uko wazi.

Mbali na mgeni mwenyewe, wako pia wenyeji, ambao katika kisa cha Madina waliitwa Ansari. Mmoja wao, Saad bin Rabii, alimtolea Abdurrahman bin Auf, mhamiaji kutoka Makka, nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akamtaka amwonyeshe sokoni tu, na huko akaanza kwa kuuza samli na maziwa makavu. Mhamiaji aliyetangulia Buyenzi mjini Bujumbura au Bruxelles, hata kama hana chumba cha ziada, ana cha kumpa mwenziwe: jina la mtaa wenye kodi ya wastani, onyo juu ya dalali asiye mwaminifu, nafasi ya kwenda pamoja kumwona mwenye nyumba, na saini ya shahidi. Nasi tubakiao Kindu, tunapomwombea dua aondokaye, tumtie mkononi na anwani ya mtu wa kweli, tumwambie bila kuficha kiasi cha garanti atakachodaiwa, na tusimwamuru atume fedha nyumbani kabla hajapata paa, kwani aghalabu haraka inayomtia mikononi mwa matapeli imetoka kwetu. Akisha kufanya yote hayo, mlango mmoja ukafungwa, aende kwenye mwingine pasipo kumdhania Mungu vibaya wala kujidhania mwenyewe kuwa amelaaniwa.