Sukari Inaweza, Chumvi Haiwezi

Jiko la gesi linapowashwa kwa kitufe, ile "ta!" unayoisikia ni nyundo ndogo ya springi ikigonga kipande cha kauri. Mara nyingi hakuna betri humo, na hata stima ikipotea cheche inatoka, kwa sababu kipigo kimoja huzaa volti elfu kadhaa. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa chaji za umeme. Miongoni mwa walizopima ni kwatzi, turmalini (hii huchimbwa Taita Taveta) na sukari ya miwa.

Sukari, naam. Chumvi imo jikoni humo humo na haina uwezo huo. Ndani ya punje ya chumvi kila chembe ina mwenzake upande wa pili wa kitovu, kwa umbali uleule. Ukiibana, chaji chanya na hasi husogea sawasawa zikafutana. Sukari haina kitovu cha namna hiyo, hivyo chaji zake huachana. Wataalamu hugawa fuwele zote katika makundi 32 ya ulinganifu, na 20 tu ndiyo yenye tabia hii.

Hata hivyo, kukosa kitovu peke yake hakuleti nguvu. Kwatzi ikisukumwa kwa niutoni moja hutoa chaji ya pikokulombi 2.3 hivi, ilhali kauri ya risasi, zirkoni, titani na oksijeni, iliyomo kwenye viwashio, hutoa 300 au zaidi. Chembe ya titani au zirkoni imezungukwa na oksijeni sita, lakini haikai katikati hasa. Titani ikizidi, huegemea ubavu mmoja. Zirkoni ikizidi, huegemea kona. Watengenezaji huchanganya karibu zirkoni 52 kwa titani 48, mahali ambapo fuwele haijaamua iegemee wapi, na msukumo kidogo unaiyumbisha. Kwangu hapo ndipo penye utamu wa somo zima.

Kauri hiyo ni punje nyingi, kila moja na upande wake kama abiria wa stendi ya Ruiru jioni. Kiwandani hupashwa moto na kutiwa umeme mkali hadi zielekee pamoja. Ikipata joto la nyuzi 350 za Selsiasi hivi, mpangilio hufutika na kauri haifai tena. Kwatzi huvumilia hadi 573, na mtetemo wake haubadiliki ovyo. Ndiyo maana saa nyingi za mkononi huitumia, ikitetema mara 32,768 kwa sekunde.

Tatizo la kauri ya viwashio ni risasi, sumu ambayo wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua vizuri mno. Mwaka 2004 watafiti wa Toyota na Denso, Japani, walitangaza kauri isiyo na risasi, ya potasiamu, sodiamu na niobi, iliyofikia pikokulombi 416 kwa niutoni. Walibadili mchanganyiko, kisha wakazipanga punje zenyewe zielekee upande mmoja. Upangaji huo ni kazi ya gharama, na kiwashio cha bei ya chini bado hutegemea risasi.