Mbwa wa Kazi Nyingi

Wazungu waliozalisha pointa wa Kijerumani na vizsla wa Hungaria walitaka mbwa mmoja afanye kazi ya watatu: amnuse ndege mafichoni na kusimama kimya akimwelekezea pua, afuate damu ya mnyama aliyejeruhiwa, kisha alete windo bila kulitafuna. Ni mbwa hodari, na nyumbani ni rafiki kweli. Lakini anayetaka kumfuga Bulumbi, kule Busia mashariki mwa Uganda, aulize kwanza habari za mbung'o, nzi wanaoeneza malale.

Vichaka vya Busia na Tororo vina mbung'o tangu zamani. EATRO, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa malale, ilikuwa Tororo. Watu huwaza ng'ombe, wakamsahau mbwa. Naye huugua, na dalili ya kumtambulisha iko machoni: jicho hufunikwa na ukungu wa samawati, mithili ya maji ya mchele, huku mwili ukichemka na mbavu zikianza kuhesabika. Mwenye mbwa hudhani ametemewa na nyoka, akatafuta dawa ya macho. Kumbe vimelea vilivyoletwa na mbung'o viko damuni. Asipowahishwa kwa daktari wa mifugo, atakufa.

Badala ya mbwa hao wa kigeni, mimi humtetea mbwa wa kienyeji, yule wa rangi ya udongo anayelala jivuni na kudharauliwa na kila mgeni. Hutumia pua na macho kwa pamoja, hula ugali uliobaki, usiku hulinda boma. Kuleta windo kwa adabu hajui, usipomwahi, amekula. Tena si chotara asiye na kwao: utafiti wa mwaka 2009, uliopima vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulikuta mbwa wa aina ya basenji yuko kundi moja na mbwa wa asili wa Afrika. Ridgeback wa Rhodesia, pamoja na jina lake lote, alionekana kuwa na damu ya nje zaidi.

Windo lenyewe limebanwa na sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Uganda kuwinda bila kibali ni kosa. Kazi iliyobaki ni panya wa ghalani, na nyani na tumbili wa upande wa msitu wa Busitema wanaovamia mahindi. Kwa kazi hiyo, tazama mama kabla ya mtoto. Nenda wakati ananyonyesha: je, macho yake ni maangavu? Anakuvumilia ukikaribia? Kisha piga makofi nyuma ya watoto. Atakayeshtuka, akageuka na kuja kunusa mkono wako, huyo mchukue, lakini asiwe chini ya wiki nane. Akifika miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha irudiwe kila mwaka.

Pointa naye, ukishindwa kabisa kumwacha, anahitaji kukimbia kila siku. Akifungwa uani atamaliza viatu, kisha ahamie mlangoni.