Kazi, Matini, Toleo na Nakala: Misingi ya Katalogi ya Maktaba na Hatima ya Tenzi za Kale

1.0 Utangulizi

Katalogi ya maktaba hudhaniwa na wengi kuwa ni orodha tu ya vitabu vilivyomo rafuni. Dhana hiyo ni finyu. Kila katalogi hujengwa juu ya nadharia inayojibu swali moja la msingi: ni kitu gani hasa kinachoorodheshwa? Mhadhara huu unaeleza jibu la modeli za kisasa za ukatalogishaji, na unaonyesha jinsi jibu hilo linavyozigusa tenzi za kale za Kiswahili.

2.0 Ngazi Nne

Mwaka 1961 wataalamu wa maktaba kutoka nchi mbalimbali walikutana Paris, wakakubaliana juu ya kanuni za msingi za katalogi. Kompyuta zilipoenea, misingi hiyo ilihitaji kutazamwa upya. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, liliunda jopo ambalo ripoti yake, ijulikanayo kama FRBR, ilichapishwa mwaka 1998. Ripoti hiyo ilianzia kwenye mahitaji ya msomaji: kutafuta, kutambua, kuchagua na kupata. Ili kuyatimiza, ilitenganisha ngazi nne, ambazo kwa Kiswahili zaweza kuitwa kazi, matini, toleo na nakala.

Kazi ni ubunifu wenyewe, kabla ya kufungwa katika maneno fulani. Matini ni kazi hiyo ikiwa imevikwa maneno au sauti mahususi. Toleo ni matini iliyotiwa katika umbo fulani, mathalani chapa ya mwaka fulani. Nakala ni kile kimoja kinachoshikika mkononi. Neno "kitabu" hubeba maana hizi zote. Mtu akisema kitabu kimelowa, anakusudia nakala. Akisema kimekwisha madukani, anakusudia toleo. Akisema kimefasiriwa vibaya, anakusudia matini. Na akisema kimebadili fikra za watu, anakusudia kazi.

Kanuni za RDA, zilizotolewa mwaka 2010, zilijengwa juu ya mgawanyo huo. Mwaka 2017 IFLA iliiunganisha FRBR na modeli mbili zilizohusu majina na mada, ikapatikana modeli moja iitwayo LRM.

3.0 Mfano wa Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaotafakari kupita kwa dunia na kuanguka kwa fahari ya Pate, ni kazi moja. Matini zake, hata hivyo, ni nyingi. Hati za kale hutofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti. Aidha, hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida hazikutenganisha i na e, wala u na o. Hivyo kila mhariri anayezinukuu kwa herufi za Kirumi hulazimika kuamua. Matini ya W. E. Taylor ilitoka mwaka 1915 ndani ya kitabu cha C. H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. William Hichens alitoa yake mwaka 1939. Tafsiri ya Kiingereza ya James de Vere Allen ilichapishwa mwaka 1977. Mwaka 1999 M. M. Mulokozi aliujumuisha utenzi huo katika Tenzi Tatu za Kale.

Katalogi inayoorodhesha matoleo peke yake itayatawanya haya yote. Mwanafunzi atakayetafuta kwa jina la utenzi huenda asikipate kitabu cha Stigand wala cha Mulokozi, kwa kuwa majina makuu ya vitabu hivyo hayautaji. Kwa mujibu wa LRM, kitabu cha namna hiyo ni toleo moja lililobeba matini kadhaa, na kila matini yaweza kuunganishwa na kazi yake. Vivyo hivyo, tahajia mbalimbali za jina la mshairi huhesabiwa kuwa majina ya mtu mmoja.

4.0 Mpaka wa Kazi

Ugumu huanzia pale kazi moja inapoishia na nyingine kuanza. Kwa mujibu wa modeli hizi, tafsiri ni matini nyingine ya kazi ileile, ilhali urekebishaji wenye ubunifu mkubwa wa kujitegemea huzaa kazi mpya. Takhmisi huupima mpaka huo. Mtunzi wake huchukua mishororo miwili ya mshairi aliyemtangulia, akaongeza mitatu yake, ukapatikana ubeti wa mishororo mitano. Katika Takhmisi ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdalla huyohuyo, maneno ya awali yamo, lakini sauti ni mbili. Yafaa kuihesabu kuwa kazi mpya yenye uhusiano na ile ya kwanza. Na uhusiano huo usipoandikwa, mshairi wa kwanza hupotea ndani ya wa pili.

5.0 Hitimisho

Modeli hutoa ngazi na aina za uhusiano. Haiwezi kuamua kuwa hati mbili ni za utenzi mmoja. Uamuzi huo unahitaji ujuzi wa lahaja, wa arudhi na wa historia ya hati, ujuzi ulio mikononi mwa wataalamu wa Kiswahili. Hivyo basi, kazi ya kuzitambua tenzi katika katalogi haiwezi kuachiwa wakutubi peke yao. Utenzi usiotajwa humo, hata ukiwa rafuni, kwa mtafiti ni kama haupo; na kutokana na kutoonekana huko huzaliwa dhana potofu kwamba hazina ya Kiswahili ni ndogo.