Fundi wa Bati na Bawa la Ndege

Watu wa Mwika hawana haja ya kufundishwa heshima ya chuma. Jirani zao wa Mamba wamefua majembe, visu na mikuki tangu enzi za Mangi, kwa mvukuto na nyundo, na hata leo wafuaji wapo. Basi si ajabu kuuliza: je, fundi wa mlimani aweza kuunda bawa la ndege? Jawabu letu ni kwamba aweza. Ila lipo sharti moja, nalo si la nguvu wala la akili.

Ndege zaidi ya 10,000 za kampuni ya Van's ya Marekani, za alumini tupu, zimeundwa na watu wa kawaida majumbani mwao na zikaruka. Kenya, mnamo mwaka 2010, Bwana Gabriel Nderitu wa Nyeri alijulikana kwa ndege aliyoiunda nyumbani na kuitia injini ya gari la Toyota. Na kwetu, katika miaka hii ya 2020, vijana wa Kitanzania wameunganisha Morogoro ndege ndogo za viti viwili aina ya Skyleader, zenye asili ya Ucheki. Kazi hii, basi, imekwisha fika nyumbani.

Tutazame sehemu moja tu ya kazi yenyewe. Nyuma ya kila bawa, karibu na ncha, pana kipande kinachochezea kwenye bawaba. Waundaji hukiita aileroni. Rubani akilaza usukani kuume, cha kuume huinuka, cha kushoto hushuka, na ndege hulalia kuume. Karibu na kiwiliwili kipo kipande kingine, flapu. Hizi hushuka pande zote mbili pamoja, ili ndege iweze kutua kwa mwendo mdogo bila kuanguka.

Fundi wetu wa bati akiviona vipande hivi atacheka. Bati lake ni alumini ya unene wa nusu milimita hivi. Zana ni mkasi, keekee, tupa na ribiti. Lakini acheke taratibu. Alumini hii ngumu haikunjwi kwa pembe kali kama bati la paa, kwani hufanya ufa usioonekana kwa macho. Tundu la ribiti likikaribia mno ukingo, bati litachanika. Kanuni ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni pawe na walau upana wa ribiti mara mbili. Kila tundu husuguliwa makali yake. Kisha vyote hulazwa juu ya meza iliyonyooka kabisa, kwa maana kipande kikifungwa kikiwa kimepinda kidogo tu, hakinyooshwi tena, na ndege itavuta upande mmoja siku zote za maisha yake.

Liko jambo la hatari zaidi, nalo ni uzito. Aileroni ikiwa nzito nyuma ya bawaba, ndege ikifikia mwendo mkali huanza kutetema, na kwa sekunde chache yaweza kung'oka pamoja na kipande cha bawa. Kwa hiyo katika ndege nyingi hutiwa risasi au chuma upande wa mbele, ikapimwa mpaka ilingane. Hata rangi ni uzito! Mwenye kuipaka rangi ya pili kwa ajili ya urembo, asipopima upya, amejiwekea mtego.

Wala mtu asidhani makosa ni ya wasiosoma. Tarehe 23 Agosti 1947, huko Woodford, Uingereza, ndege ya Avro Tudor ilianguka mara tu iliporuka, kwa sababu kamba za aileroni zilikuwa zimefungwa kinyume. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Roy Chadwick, yule yule aliyebuni ndege hiyo na Lancaster ya vita. Mtu mmoja kulaza usukani, na mwenzake kusimama nje akitazama bawa, kungaliwaokoa.

Ndiyo sababu twasema sharti ni ukaguzi: jicho la pili, na daftari la kila kipimo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea. Halikusema kila mtu ajikague mwenyewe.

Na hapa sisi viongozi wa Chama tunayo deni. Kijana akiunda chombo, twakimbilia kupiga naye picha, twatoa hotuba, twaondoka. Picha haimfai kitu. Tumpe nafasi katika karakana, meza ya chuma iliyonyooka, na keekee isiyoyumba. Tumwandikie barua Mamlaka ya Usafiri wa Anga pamoja naye, mapema, ili mkaguzi afike wakati bati la juu bado halijafungwa, aone mbavu za ndani kwa macho yake.