Ardhi Nayo Ina Amana

Mwezi wa Juni 2015, wanaume wawili walikuwa wakipita na mashine za kutambua metali katika shamba moja karibu na mji wa Leominster, nchini Uingereza. Mashine zikalia. Walipochimba walikuta pete na bangili ya dhahabu, kidani cha jiwe la bilauri na sarafu zilizokadiriwa kufika 300, vyote vikiwa vimezikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Sheria iliwataka watoe habari. Wao wakanyamaza, wakaanza kuuza kwa siri. Mwaka 2019 mahakama iliwatia hatiani na kuwafunga. Kufikia hukumu hiyo, sarafu zilizokuwa zimepatikana ni 31 tu.

Hasara haikuwa ya fedha pekee. Baadhi ya sarafu hizo chache zilionyesha kwamba wafalme wawili, Alfred na Ceolwulf, walikuwa washirika, ilhali masimulizi ya kale yalimtaja huyo wa pili kwa dharau. Zilizotawanyika zingesema nini zaidi?

Kisa hiki ni tawi moja la ugomvi wa miaka mingi. Tangu mashine hizo zilipoenea, Waingereza wengi wamefanya uraibu wa kusaka vitu vya kale mashambani siku za mapumziko. Mwaka 1980 wanaakiolojia walianzisha kampeni ya kuwapinga, wakiwashutumu kwa kupora historia ya wote. Wasakaji nao walijibu kwamba jembe la trekta na mbolea za dawa huharibu vitu hivyo kila msimu, na kwamba wao ndio wanaoviokoa. Kila upande ulikuwa na hoja. Kitu kilicho katika udongo uliokwisha kulimwa kimeshahama mahali pake. Lakini anayechimba chini zaidi hukata matabaka ya udongo, na tabaka likishakatwa halirudishiki.

Suluhu ilianza na sheria ya 1996, inayomtaka mwenye kupata hazina aitangaze ndani ya siku 14. Makumbusho yakitaka kuinunua, thamani yake hulipwa, na kwa kawaida hugawanywa baina ya aliyeipata na mwenye shamba. Mwaka 1997 ukaanza mpango wa kuandikisha hata vitu vidogo visivyohesabiwa kuwa hazina. Leo vilivyoandikwa vimepita milioni 1. Mwaka 2009, msakaji mmoja huko Staffordshire alikuta vipande vya dhahabu, akatoa habari, na wanaakiolojia wakaja kumalizia kazi. Vilipatikana vipande zaidi ya 4,000, vikathaminiwa zaidi ya pauni milioni 3. Hata hivyo ugomvi haujakwisha, kwani wapo wanaoingia mashamba ya watu usiku bila ruhusa.

Yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba kwa subira chini ya msikiti wa Ijumaa. Alikuta mabaki ya misikiti mingine, mmoja chini ya mwenziwe, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya nane. Katika matabaka ya Shanga zilionekana pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu. Kwa mpangilio huo twajua kwamba wazee wetu walisimama kuswali hapa tangu zama za awali kabisa za Uislamu. Lau mtu angetangulia na mashine yake, angeondoka na sarafu na kuubomoa ushahidi.

Mfano wa kinyume upo Australia. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota ufukoni, katika visiwa vya Wessel, sarafu tano za Kilwa. Zilifikaje huko mbali? Wataalamu wangali wanabishana, kwa kuwa sarafu zilifika mikononi mwao bila ya udongo wala vitu vilivyokuwa pamoja nazo.

Dini yetu nayo haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Fuqahaa wametenga rikazi, yaani mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, ambayo hutolewa khumsi, na luqata, mali iliyopotea na mwenyewe, ambayo mwenye kuiokota huitangaza mwaka mzima. Hukumu ya kila tukio waulizwe masheikh. Lakini katika zote mbili mna haki ya wengine, na haki hiyo haitekelezwi kwa kuficha.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 nayo inakataza kusaka na kuchimba vitu vya kale bila leseni, na inamtaka mwenye kuvipata atoe habari.

Mama na bibi, ninyi ndio mnaoletewa na watoto kigae cha kaure au kisarafu kilichoota kutu kutoka gofuni. Msikitupe, wala msikisugue kwa ndimu na majivu king'ae. Mwulizeni mtoto alikiokota wapi, muandike, kisha mpeleke habari kwenye makumbusho yaliyo karibu, kama vile Fort Jesus au Lamu. Na akija mgeni na mashine yake kuomba njia ya kwenda makaburini, mwulizeni kwanza leseni iko wapi.